Baada ya leza: madhara ya tiba ya mishipa iliyovimba miguuni, na namna ya kuyatambua



Mwanjelwa ni mahali pa kazi za kusimama. Mama lishe huwa mbele ya jiko tangu kabla jua halijachomoza hadi sufuria ya mwisho isafishwe. Mchuuzi wa mitumba husimama kando ya meza yake kutwa nzima. Mpagazi hushusha gunia la mchele au la viazi kutoka kwenye lori, akalifikisha stoo, kisha akarudi kubeba jingine. Msusi, kinyozi, mwalimu na muuguzi nao hula jasho la miguu yao. Kwa hiyo mishipa iliyotuna na kujipinda miguuni, ambayo wataalamu huiita varikosi, si maradhi ya kusimuliwa kutoka mbali. Wapo wanaoifunika kwa kitenge kirefu, na wapo waliokwisha kuizoea hata wakadhani maumivu ya jioni ni sehemu ya kazi.

Zamani mwenye tatizo hili alikuwa na njia mbili kuu: kuvumilia, au kukubali kisu cha daktari. Siku hizi jina la leza hutajwa sana, na swali linalofuata mara nyingi ni moja: je, tiba hiyo ina madhara? Jibu la kweli ni kwamba ina madhara, kama ilivyo kwa kila tiba yenye nguvu. Mengi ni madogo na hupita yenyewe. Machache ni makubwa, na moja kati ya hayo machache linaweza kuua. Lengo la mazungumzo haya ni kumwezesha mkazi kutofautisha makundi hayo, ili asikimbilie hospitali usiku kwa jambo la kawaida, wala asilale nyumbani na jambo la hatari.

Kwa nini mshipa huvimba

Damu hutoka moyoni kupitia ateri na hurudi moyoni kupitia vena. Damu iliyofika mguuni inapaswa kupanda juu. Husaidiwa na misuli ya kigimbi, ambayo huikamua vena kila mtu anapopiga hatua, na husaidiwa pia na vali, yaani vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena. Vilango hivyo hufunguka damu inapopanda na hufunga ili isirudi chini.

Vali zikilegea, damu huteremka na kutuama. Ukuta wa vena hutanuka, na mshipa huanza kuonekana chini ya ngozi. Urithi wa ukoo, umri, ujauzito, unene uliozidi, na kazi ya kusimama muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na hali hii. Mwanzoni mguu huwa mzito na huuma jioni. Baadaye kifundo huvimba, ngozi ya juu yake huwasha na kubadilika rangi, na kwa baadhi ya watu hutokea kidonda kisichotaka kupona. Kidonda cha namna hiyo, ambacho wengi hukiita kidonda ndugu, ndicho kinachomwondoa mtu sokoni na kumfanya tegemezi wa watoto wake.

Leza hufanya nini

Leza inayozungumzwa hapa hufanya kazi ndani ya mshipa. Daktari hutumia altrasaundi kuiona vena yenye kasoro, kisha huingiza humo uzi mwembamba kupitia tundu dogo, aghalabu karibu na goti au chini yake. Huzungushia vena hiyo maji mengi yenye dawa ya ganzi. Maji hayo huondoa maumivu, huikaza vena, na hukinga ngozi na neva zilizo jirani zisiungue. Halafu mwale wa leza huwashwa, na uzi huvutwa taratibu huku joto likiunguza ukuta wa vena kwa ndani. Vena hujifunga, na kwa miezi inayofuata mwili huigeuza kuwa kovu dogo. Mgonjwa huwa macho, na kwa kawaida huondoka siku hiyohiyo kwa miguu yake.

Wengine huuliza damu itapita wapi ikiwa mshipa umefungwa. Sehemu kubwa ya damu ya mguu hupandia vena za ndani, zilizo katikati ya misuli. Vena ya juu iliyoharibika ilikuwa ikirudisha damu chini, kwa hiyo kuifunga huupunguzia mguu mzigo. Hii ndiyo sababu uchunguzi wa altrasaundi hauwezi kurukwa kabla ya tiba: ni lazima ijulikane kwanza kwamba vena za ndani ziko wazi na zinafanya kazi.

Njia hii si jambo la jana. Mwaka 2001 Luis Navarro, Robert Min na Carlos Boné walichapisha taarifa ya kitaalamu kuhusu matumizi yake, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaruhusu itumike. Mwezi Julai 2013, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilielekeza kwamba wagonjwa wanaofaa wapewe kwanza tiba za joto, leza ikiwamo. Zisipofaa itumike dawa ya povu inayodungwa ndani ya mshipa. Na upasuaji uje baada ya hizo.

Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Uingereza wenye washiriki 798, uliolinganisha leza, povu na upasuaji. Matatizo yaliyotokana na tendo lenyewe yalionekana kwa asilimia 1 ya waliotibiwa kwa leza, asilimia 6 ya waliopewa povu na asilimia 7 ya waliopasuliwa. Hata hivyo, matukio mazito ya kiafya ya kila aina yalikaribiana katika makundi yote matatu, takriban asilimia 3. Takwimu hizo zinamtuliza mgonjwa, na wakati huohuo zinamkumbusha kwamba hata tiba isiyo na kisu kikubwa inahitaji uangalizi.

Madhara yanayotarajiwa

La kwanza ni maumivu. Siku ya tiba huenda mgonjwa asisikie kitu kwa sababu ya ganzi, akadhani yamekwisha. Maumivu mara nyingi huongezeka baada ya siku kadhaa, yaani mwisho wa wiki ya kwanza, kisha hupungua. Jambo hili huwashtua wengi, kwa kuwa wanatarajia kila siku iwe nafuu kuliko jana yake. Kinachotokea ni kwamba ukuta wa vena iliyounguzwa umevimba katika hatua ya kupona. Dawa za kawaida za maumivu hutosha, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asinunue dawa dukani kabla ya kumuuliza daktari aliyemtibu.

La pili ni damu kuvilia chini ya ngozi. Sehemu za ndani ya paja huweza kuwa na mabaka meusi au ya zambarau, ambayo baadaye hugeuka rangi na kutoweka kwa wiki mbili hadi tatu au zaidi kidogo. Mashine za awali, ambazo mwale wake ulilenga zaidi damu, zilisababisha mavilio na maumivu zaidi. Mashine za baadaye, ambazo mwale wake hufyonzwa zaidi na maji yaliyo katika ukuta wa vena, zimepunguza hali hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza ni mashine ya aina gani itakayotumika.

La tatu ni hisia ya kamba iliyokazwa ndani ya paja, hasa anaponyoosha mguu. Hiyo ni vena inayosinyaa. Akipapasa anaweza kugusa kitu kigumu kama waya chini ya ngozi. Hulainika kwa wiki au miezi kadhaa. Kutembea husaidia, kulala kitandani kutwa hakusaidii.

La nne ni mishipa midogo ya juu kuwa na uvimbe mgumu, wenye joto na unaouma ukiguswa, kwa sababu damu iliyobaki ndani yake imeganda. Hali hii katika mishipa ya juu kwa kawaida si ya kutisha, lakini mgonjwa amjulishe daktari, kwani inapotanda kuelekea kinenani inahitaji kupimwa upya.

La tano ni alama nyeusi kwenye ngozi, kufuata njia ya mshipa uliotibiwa. Hufifia polepole, pengine kwa mwaka mzima, na kwa wachache hubaki. Anayejaribu kuziondoa kwa krimu za kujichubua huongeza tatizo juu ya tatizo.

Madhara yanayohitaji kurudi kwa daktari

Neva ndogo za fahamu hupita jirani na vena za mguu, hasa kuanzia goti kwenda chini. Zikipata joto, mgonjwa hubaki na ganzi, kuchomachoma au hisia ya kuwaka katika eneo fulani la muundi, kigimbi au kifundo. Kwa wengi hali hiyo hupungua kwa wiki au miezi. Kwa wachache sehemu ndogo hubaki bila hisia. Hapa Mbeya liko la kuangaliwa zaidi. Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali, na watu huota moto wa jiko la mkaa au huweka chupa ya maji moto miguuni. Mguu wenye ganzi hausikii joto linapozidi. Aliyetibiwa akabaki na ganzi asiusogeze mguu huo kwenye jiko wala asiukande kwa maji moto. Avae soksi na ajifunike blanketi.

Ngozi yenyewe inaweza kuungua, ingawa ni nadra pale maji ya ganzi yalipowekwa ipasavyo. Tundu la kuingilia uzi linaweza kupata maambukizi. Dalili zake ni maumivu yanayozidi, joto, usaha au homa. Hayo yote hutibika yakiwahiwa.

Ifahamike pia kwamba iko leza nyingine, ile ya kumulika ngozi kwa juu ili kuondoa vijishipa vyembamba kama nyuzi. Hiyo ina tahadhari yake kwa ngozi nyeusi. Rangi asilia ya ngozi hufyonza mwale uliokusudiwa kwa damu, na matokeo yanaweza kuwa malengelenge, madoa meusi au mabaka meupe. Zipo mashine zinazofaa zaidi kwa ngozi nyeusi, na wapo wataalamu wanaojua kuzirekebisha. Anayefuata urembo aulize kwanza, na akubali kujaribiwa sehemu ndogo kabla ya mguu mzima.

Hatari kubwa: damu kuganda katika vena za ndani

Sasa lifikiwe lile lenye uzito kuliko yote. Baada ya leza, damu inaweza kuganda katika vena kubwa iliyo ndani ya mguu, au bonge lililo katika vena iliyotibiwa linaweza kurefuka hadi kuingia kwenye vena hiyo kubwa. Bonge hilo likikatika, husafiri na damu hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba damu kuganda katika vena za ndani huwapata watu wasiofika 1 katika kila 100 waliotibiwa kwa leza, na bonge kufika mapafuni ni nadra zaidi ya hapo. Pamoja na uchache wake, ni dharura ya kweli.

Dalili za kuwahi hospitali siku hiyohiyo ni hizi:

• Mguu mmoja kuvimba ghafla, hasa kigimbi au mguu wote, tofauti na mwenzake.
• Maumivu mapya na makali ya kigimbi au paja, yanayozidi mtu anaposimama au kutembea.
• Mguu kuwa na joto au kubadilika rangi.

Na dalili za kuwahi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, ni hizi:

• Kukosa pumzi ghafla bila sababu.
• Kichomi kifuani kinachozidi wakati wa kuvuta pumzi.
• Kukohoa damu.
• Mapigo ya moyo kwenda mbio, kuzimia au kuishiwa nguvu ghafla.

Maandishi mengi ya kitabibu husema mguu wenye tatizo hili huwa mwekundu. Kwa mtu mweusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Ngozi huonekana nyeusi zaidi, ya zambarau, au haibadiliki. Kwa sababu hiyo jicho lisitegemewe peke yake. Miguu yote miwili ishikwe kwa kiganja ili kulinganisha joto, na vigimbi vipimwe kwa uzi au utepe wa fundi cherehani mahali palepale, ili kulinganisha unene. Hata hivyo, vipimo hivyo vya nyumbani vikionekana sawa havimwondolei mtu wajibu wa kwenda hospitali akiwa na dalili nyingine zilizotajwa.

Mguu unaoshukiwa kuwa na bonge la damu usichuliwe kwa mafuta, usichanjwe, na usipigwe chuku. Kuchua kunaweza kulisukuma bonge. Ndugu wa mgonjwa huchua kwa nia njema ya kumpunguzia maumivu. Basi ni vema elimu hii iwafikie nao.

Safari ya kurudi Mbeya

Jambo hili linawahusu wakazi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko wanavyodhani. Na uchukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayepata tiba hii Dar es Salaam. Ametibiwa asubuhi, mchana ametembea mwenyewe, na jioni anajisikia mzima. Kesho yake alfajiri yuko Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, na tiketi mkononi, kwa sababu kulala mjini ni gharama na duka limefungwa. Mbele yake ziko zaidi ya kilomita 800, kupitia Morogoro, Iringa na Makambako. Atakaa kutwa nzima, magoti yamekunjwa, begi chini ya miguu, huku akikwepa kunywa maji ili asisumbue dereva kusimama.

Kukaa bila kusogeza miguu kwa saa nyingi hupunguza mwendo wa damu katika vena, na mguu huo umetoka kuguswa na joto la leza. Mambo hayo mawili yakikutana, uwezekano wa damu kuganda huongezeka. Isitoshe, dalili zikitokea njiani, mgonjwa yuko mbali na daktari wake na mbali na nyumbani. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri safari ndefu ziahirishwe katika wiki za mwanzo baada ya tiba. Idadi ya siku huamuliwa na daktari kwa kuangalia hali ya kila mgonjwa, na swali hilo liulizwe kabla ya kupanga tarehe, ili bajeti ihusishe pia malazi.

Aliyeruhusiwa kusafiri aombe kiti cha pembeni mwa njia, asiweke mzigo miguuni, avae soksi za kubana kama alivyoelekezwa, na anywe maji. Kila nusu saa akunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara nyingi, kama mtu anayekanyaga cherehani. Kila basi linaposimama, ashuke atembee, hata kama hana haja ya kununua kitu. Asitumie dawa za usingizi wala pombe. Wanaosafiri kwa treni ya TAZARA wana nafasi zaidi ya kutembea, lakini safari yake ni ndefu. Wanaopanda ndege hadi Songwe hukaa muda mfupi zaidi, ila nao wanahitaji kibali cha daktari.

Kabla ya kuweka sahihi

Mgonjwa hutia sahihi fomu ya ridhaa kabla ya tiba. Sahihi hiyo haipaswi kuwa ya haraka. Yako mambo ambayo daktari lazima aambiwe: kama mgonjwa au ndugu wa damu amewahi kupata bonge la damu, kama ana saratani au selimundu, kama anatumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama amewahi kudhurika na dawa ya ganzi. Mjamzito aseme mapema, kwa sababu tiba hii kwa kawaida husubiri hadi baada ya kujifungua, na mishipa mingi inayotokea wakati wa ujauzito hupungua baadaye.

Yako pia maswali ya kuuliza. Je, altrasaundi ya vena za ndani imefanyika? Daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na amewahi kuifanya tiba hii mara ngapi? Ni lini mgonjwa atapimwa tena ili kuona kama vena imefunga na kama hakuna bonge? Soksi za kubana zitavaliwa siku ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, na kadi ya bima italipa sehemu gani? Mahali ambapo maswali hayo hayapewi jibu, au ambapo leza inatolewa bila altrasaundi, si mahali pa kuacha mguu.

Jambo la mwisho la kudai ni karatasi. Mgonjwa asiondoke bila muhtasari ulioandikwa: mshipa upi ulitibiwa, mguu upi, tarehe gani, dawa zipi zilitolewa, na simu ya kupiga likitokea tatizo. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia tabibu wa Mbeya kuelewa anachokiona. Bila hiyo, mguu uliovimba baada ya leza unaweza kudhaniwa kuwa umeteguka.

Isiwe sababu ya kuogopa tiba

Baada ya kusikia haya, huenda mtu akaamua kubaki na mishipa yake. Uamuzi huo nao una madhara yake. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mwingine wa Uingereza, wenye wagonjwa 450 waliokuwa na vidonda vya miguu vilivyotokana na vena. Waliofungwa bandeji za kubana na kutibiwa vena mapema, kwa joto, kwa povu au kwa njia nyingine ya kuifunga, walipona kwa siku 56 za kati. Waliofungwa bandeji na kucheleweshewa tiba ya vena walichukua siku 82. Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, tofauti ya siku 26 ni karo, ni kodi ya chumba, ni mtaji. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Tena, si kila mwenye mishipa iliyotuna anahitaji leza. Kutembea kila siku, kupunguza uzito, kuinua miguu juu ya kiwango cha moyo wakati wa kupumzika, na kupata kigoda cha kukalia katikati ya kazi hupunguza uzito na maumivu. Soksi za kubana nazo husaidia baadhi ya watu, lakini zisivaliwe kabla ya kupimwa, kwani mwenye ateri zilizoziba zinaweza kumdhuru. Na aliyetibiwa kwa leza asidhani amepata kinga ya maisha: mshipa uliofungwa umefungwa, lakini mwingine unaweza kulegea baada ya miaka. Mazoea hayohayo yanamfaa hata baada ya kupona.

Pa kuanzia

Mkazi mwenye mishipa inayouma, ngozi inayobadilika rangi juu ya kifundo, au kidonda kilichopita wiki mbili bila kuonyesha dalili ya kupona, aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, kama Kituo cha Afya Ruanda au Kiwanja Mpaka. Kutoka hapo atapewa rufaa kulingana na hali yake, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ikihitajika. Utaratibu wa rufaa humwokoa na gharama za kwenda mbali kabla ya kujua kama kweli anahitaji tiba hiyo. Kwa ushauri wa afya kwa simu, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Aliyekwisha kutibiwa mahali popote, na sasa ana mojawapo ya dalili za hatari zilizotajwa, asisubiri siku ya miadi wala asisubiri kumpigia simu daktari wa mbali. Aende hospitali ya karibu, achukue karatasi yake ya matibabu, na atamke wazi mlangoni: “Nimefanyiwa leza ya mshipa mguuni, na ni tarehe fulani.” Maneno hayo machache humwelekeza mhudumu moja kwa moja kwenye kipimo kinachotakiwa. Na asiyeweza kusema mwenyewe kwa kukosa pumzi, asemewe na ndugu aliyemsindikiza. Kwa hiyo ndugu huyo ayajue maneno hayo tangu siku ya kwanza.